Chombo, Kidole na Daftari: Bastola ya Polisi katika Nchi Nne

Jioni ya Machi 20, 1974, gari lililombeba Binti Mfalme Anne wa Uingereza lilizibiwa njia na mtu mwenye silaha katika barabara ya The Mall jijini London, karibu na Kasri la Buckingham. Mlinzi wake, Inspekta James Beaton, aliposhuka tu akapigwa risasi ya bega. Akajibu kwa risasi moja ya bastola yake aina ya Walther PPK, ikakosa. Alipotaka kufyatua ya pili, bastola ikakwama. Beaton akabaki kuwa ngao ya mwili mtupu kati ya mtekaji na binti yule, akapigwa risasi nyingine mbili. Alipona, na baadaye akatunukiwa nishani ya George Cross. Polisi wa London waliiondoa PPK mikononi mwa walinzi wao, wakawapa rivolva za Smith & Wesson.

Jibu lile la kubadilisha chombo lilikuwa la haki, kwa kuwa chombo kilimwangusha mtu aliyekitegemea kwa uhai wake. Hata hivyo, bastola ikikwama kuna maswali mengine yanayopaswa kuulizwa kabla ya kutafuta mpya. Springi ya magazini ilibadilishwa lini? Risasi zilizomo zilikuwa zimekaa humo muda gani? Nani aliifungua mara ya mwisho, akaisafisha, akaandika kwamba ameisafisha? Na mlinzi mwenyewe aliwahi kufanya mazoezi ya kuondoa mkwamo kwa mkono mmoja, kama ambavyo angelazimika kufanya jioni ile?

Hoja ya makala haya ni kwamba sifa za bastola ya polisi hazipimiki zikitengwa na mazingira yake. Kila sifa, kuanzia uzito wa triga hadi namna ya kuifungua kwa usafi, ni uamuzi juu ya nani abebe dhamana ya risasi: itoke inapotakiwa, isitoke pasipotakiwa. Dhamana hiyo inaweza kupewa chombo, ikapewa kidole cha askari, au ikapewa ofisi inayomkabidhi silaha. Ujerumani iliegemea chombo. Marekani iliegemea kidole. Japani na Uingereza ziliegemea ofisi. Sisi wa Afrika Mashariki tumerithi utaratibu wa upande mmoja na tunanunua silaha za upande mwingine, na hapo ndipo ninapoona hatari isiyozungumzwa vya kutosha.

Ujerumani: dhamana ndani ya chuma

Septemba 1972, wakati wa Michezo ya Olimpiki mjini Munich, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli waliuawa pamoja na polisi mmoja wa Ujerumani. Polisi wengi wa Ujerumani Magharibi wakati huo walibeba bastola ndogo za milimita 7.65, Walther PP ikiwa mojawapo. Katikati ya miaka ya 1970 mamlaka za nchi hiyo ziliandika orodha ya masharti ambayo kila kiwanda kilichotaka kuwauzia polisi kilipaswa kuyatimiza. Bastola itumie risasi ya milimita 9. Uzito usizidi kilo 1, urefu usizidi milimita 180, unene usizidi milimita 34. Idumu kwa risasi zisizopungua 10,000. Na sharti kubwa kuliko yote kwa wabunifu: askari akiichomoa iwe tayari kufyatua papo hapo, pasipo kifungio cha usalama cha kusogeza kwa mkono, na ikidondoka chini huku risasi imo chembani isifyatuke.

Masharti mawili ya mwisho yanavutana. Kifungio cha mkono huzuia ajali, lakini mtu aliyeshikwa na hofu hukisahau, akavuta triga isiyotii. Wajerumani walikataa kumtwisha askari mzigo wa kukumbuka. Walitaka chuma chenyewe kikumbuke.

Viwanda vitatu vilitoa majibu matatu. Katika Walther P5, pini ya kufyatulia hukaa imeinama mbali na njia ya nyundo, na husogezwa mahali pake pale tu triga inapovutwa hadi mwisho. Katika SIG Sauer P225, ambayo polisi waliiita P6, kuna kizuizi cha pini pamoja na kiwiko cha kuishusha nyundo kwa usalama baada ya kukoki. Heckler & Koch walikwenda mbali zaidi kwa P7: sehemu ya mbele ya mpini ni kiminyo. Askari akiukaza mkono bastola inakokika, akiulegeza inatulia. Kila jimbo lilichagua la kwake. Bavaria na Niedersachsen walichukua P7, Baden-Württemberg P5, Nordrhein-Westfalen P6.

P7 ni mfano mzuri wa faida na gharama ya kuweka akili nyingi ndani ya chombo. Hupunguza kasi ya slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma, kwa gesi inayoingizwa katika tundu dogo chini ya mtutu, hivyo mtutu unatulia na risasi inakwenda ilikolengwa. Lakini tundu hilo hujaa masizi, na lisipokwanguliwa kwa kifaa chake maalumu bastola huanza kusitasita. Ukifyatua risasi nyingi mfululizo, eneo la juu ya triga hupata moto. Ubunifu uliomwondolea askari mzigo wakati wa hatari ulimrudishia mzigo mwingine wakati wa usafi. Ujerumani iliweza kuulipia kwa sababu polisi wake husomea kazi kwa takribani miaka miwili na nusu hadi mitatu, na mafundi na vipuri vipo.

Marekani: dhamana kwenye kidole

Kwa miongo mingi askari wa Marekani alibeba rivolva ya risasi sita. Triga yake ni nzito na safari yake ni ndefu. Kuivuta kwa bahati mbaya si rahisi. Matukio mawili yalitikisa imani kwa rivolva hiyo. Aprili 1970, huko Newhall, California, polisi wanne wa barabara kuu waliuawa kwa dakika chache. Aprili 11, 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa na watano wakajeruhiwa.

FBI walihitimisha kwamba mojawapo ya risasi za milimita 9 iliyompata jambazi mmoja mapema ilisimama kabla ya kufika moyoni. Wakatafuta risasi kubwa zaidi, kwanza ya milimita 10, kisha .40 S&W iliyotoka mwaka 1990 na kuenea katika idara nyingi za nchi. Ilikuwa na nguvu, lakini ilipiga teke zaidi, ilichakaza bastola upesi, na askari wengi walipiga shabaha vibaya wakiitumia. Baada ya miaka mingi FBI walirejea milimita 9, ambayo wakati huo ilikuwa imetengenezewa vichwa bora, na mwaka 2016 wakaagiza tena bastola za Glock za kipimo hicho. Sifa moja, ukubwa wa risasi, ilipewa uzito kupita zote, na zile zinazohusu mkono wa mtumiaji zikasubiri karibu miaka 30.

Glock 17 iliingia Marekani ikitoka Austria, ambako jeshi lilikuwa limeikubali mwaka 1982. Fremu yake ya plastiki ngumu haishiki kutu, magazini hubeba risasi 17, na haina kifungio cha mkono. Vizuizi vyake vitatu, kimojawapo kikiwa kilimi kidogo katikati ya triga, hufunguka vyenyewe kidole kinapovuta. Triga huhitaji takribani kilo 2.5 tu. Kwa askari aliyefundishwa kuweka kidole nje ya kikingio cha triga hadi anapoamua kufyatua, huo ni wepesi unaookoa maisha. Kwa aliyezoea rivolva na kupewa Glock baada ya mafunzo ya haraka, ni mtego. Washington, mji mkuu, ulipata somo hilo mapema: uchunguzi wa gazeti la Washington Post, uliochapishwa mwaka 1998 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, ulionyesha wingi wa risasi zilizofyatuka kwa bahati mbaya mikononi mwa polisi wa mji huo, na mafunzo yaliyokuwa pungufu.

New York walijaribu kuziba pengo hilo kwa springi. Walipohamia bastola za magazini mwaka 1993 waliagiza triga nzito ya takribani kilo 5.4, ili kidole kilichozoea rivolva kisishtukie kimefyatua. Agosti 24, 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walimfyatulia risasi 16 mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Mjadala ukawaka: triga nzito hutikisa mkono na kuipotosha shabaha. Miaka miwili baadaye, Novemba 2014, askari mgeni kazini aliyekuwa ameshika bastola yenye triga hiyohiyo nzito aliifyatua gizani katika ngazi za jengo moja la Brooklyn. Risasi iligonga ukuta, ikamuua kijana asiye na silaha aliyekuwa akishuka ngazi. Springi, basi, ilishindwa pande zote mbili: haikuzuia risasi isiyotakiwa, na huenda iliharibu shabaha ya risasi iliyotakiwa. Mwaka 2021 New York walianza kuwapa makuruta triga nyepesi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kamati iliyoketi mezani huona kilo 2.5 au 5.4 kama tarakimu. Anayeubeba uzito huo kwenye ncha ya kidole ni kijana wa miaka ishirini na kitu, usiku, moyo ukimwenda mbio.

Japani na Uingereza: dhamana katika ofisi

Huko London jibu la kwanza la ofisi limekuwa lilelile tangu polisi wa jiji waanzishwe mwaka 1829: kwa kawaida askari wa doria asiwe na bunduki wala bastola. Wanaobeba ni wachache waliochaguliwa, wakafunzwa, na hurudi uwanjani kupimwa upya mara kwa mara; anayeshindwa huirudisha silaha yake. Glock ileile iliyoisumbua Washington imo mikononi mwa wengi wao. Chombo kimoja kimetoa matokeo tofauti kwa sababu mlango wa kukifikia ni mwembamba zaidi.

Japani humpa karibu kila askari wa sare bastola, lakini humzungushia utaratibu. Kuanzia mwaka 1960 silaha kuu ilikuwa rivolva ya New Nambu M60: risasi tano, .38 Special, mtutu mfupi. Kamba huifunga kwenye mkanda. Kipande cha mpira huwekwa nyuma ya triga ili isivutike kabla hakijaondolewa. Huchukuliwa kituoni zamu inapoanza na kurudishwa zamu inapokwisha. Mtu akiihukumu M60 kwa vigezo vya Marekani ataiona dhaifu: risasi chache, kuongeza risasi polepole, shabaha ya karibu tu. Katika kibanda cha polisi cha mtaani, ambako askari hutegemea judo na kendo kabla ya risasi, swali kubwa ni je, bastola inaweza kunyang'anywa? Juni 2019, huko Suita karibu na Osaka, askari alichomwa kisu mbele ya kibanda chake na rivolva yake ikaibwa. Mwaka mmoja kabla, jambo kama hilo lilitokea Toyama. Jibu la Japani halikuwa bastola mpya. Walielekea kwenye mkoba wa kiunoni, wakaharakisha kugawa mpya unaomfungukia mvaaji na kumgomea mwingine.

Matunzo: mahali ambapo tofauti huonekana

Weka rivolva na Glock juu ya meza moja, na sera za nchi mbili zitaonekana kwenye vidole vya anayezisafisha.

Rivolva hufunguliwa kwa kusukuma silinda pembeni. Matundu yote yanaonekana kwa mara moja. Kama kuna risasi, iko wazi machoni. Maganda husukumwa nje, kila tundu hupitishwa brashi, mtutu hupigwa kitambaa. Pahala pa kuangalia kwa makini ni chini ya nyota ya kutolea maganda. Chembe za baruti zisizoungua zikinasa hapo, hata kama ni ndogo kama punje za mchanga, nyota haikai sawasawa, silinda huburuza, na triga inaweza kugoma kabisa.

Glock hutaka mpangilio mkali zaidi. Magazini hutoka kwanza. Ndipo slaidi huvutwa nyuma na risasi ya chembani kurukia nje. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inatoka na nyingine inapanda mahali pake, na umeshika bastola unayoamini ni tupu. Kwa hiyo chemba huangaliwa kwa jicho, kisha huguswa kwa ncha ya kidole. Hapo inakuja hatua inayonitia wasiwasi kila nikiiona: ili slaidi itoke, sharti uvute triga. Ndiyo maana chumba cha silaha chenye nidhamu huwa na pipa la mchanga, na mtutu huelekezwa humo kabla ya kidole kugusa kitu. HK SFP9, iliyochukuliwa na polisi wa Bavaria, Berlin na Niedersachsen miongoni mwa wengine, hufunguka bila kuvuta triga. Ukiwa na maelfu ya askari wanaosafisha silaha wakiwa wamechoka mwisho wa zamu, sifa hiyo ndogo ina uzito kuliko risasi mbili za ziada kwenye magazini.

Mafuta nayo yana adabu yake. Matone machache kwenye reli za slaidi na kwenye mtutu yanatosha. Ukimimina, mafuta hukusanya vumbi, hutiririka hadi kwenye njia ya pini, ambayo inapaswa kubaki kavu, na yakifika kwenye kitako cha risasi yanaweza kuiharibu isiwake. Springi ya kurudisha slaidi huchoka kwa idadi ya risasi, si kwa miaka. Asiyeandika idadi hawezi kujua wakati wa kuibadilisha.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za sifa hazilitaji. Askari anayerudisha bastola ya magazini kila siku huitoa risasi ya chembani jioni na kuikoki tena asubuhi. Ikiwa ni risasi ileile, kichwa chake hugongwa kila mara kinapoingia chembani, na taratibu huzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na siku risasi hiyo ikilipuka presha hupanda kuliko kipimo. Mmarekani anayelala na bastola yake nyumbani ikiwa imejazwa hakutani sana na tatizo hili. Mjapani mwenye rivolva halijui kabisa, maana risasi tano huingia na kutoka kwa mkono bila kugongwa na kitu. Utaratibu wa ofisi, unaokusanya silaha kila zamu, unapatana na rivolva kwa asili yake. Ukiuchanganya na bastola ya magazini, lazima uuongezee kanuni mpya.

Sisi tunasimama wapi

Kenya na Tanzania zilirithi utaratibu wa ofisi kutoka kwa polisi wa kikoloni: ghala la silaha kituoni, daftari, namba ya silaha, idadi ya risasi, sahihi wakati wa kutoa na sahihi wakati wa kurudisha. Askari wetu wa kawaida huonekana zaidi na bunduki. Bastola huwa kwa maofisa, wapelelezi na walinzi wa viongozi. Na bastola zenyewe, kama zile za Ceska ambazo wasomaji wa magazeti ya Kenya wanazijua vizuri kwa jina, ni za magazini. Baadhi ya aina za kiwanda hicho, kwa mfano CZ 75 ya awali, hazina kiwiko cha kuishusha nyundo: anayetaka kuishusha risasi ikiwa chembani huishika kwa dole gumba huku akivuta triga. Nyundo ikiteleza, risasi inatoka.

Sheria zetu zinaelekea upande unaofaa. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinataka kila nchi isimamie uhifadhi na utoaji wa silaha na kumfanya askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inataka silaha ziwekwe alama na kumbukumbu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya Kenya ya mwaka 2011 linabana matumizi ya silaha na kudai taarifa inapotumika. Haya yote yanahesabu silaha. Kinachosalia ni kuitunza.

Daftari linalosema bastola namba fulani imerudi na risasi 15 linathibitisha kwamba haikuibwa. Halisemi kama itafyatuka. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hewa ya chumvi na jasho la kiunoni vinaweza kuichafua slaidi ya chuma kwa madoa ya kutu ndani ya siku chache, hasa ikilala ndani ya mkoba wa ngozi uliolowa. Bara, vumbi la kiangazi hugandamana na mafuta. Bastola iliyopita majaribio Ulaya haijajaribiwa katika hali hizo mpaka ipewe mtu wa kuifungua, kuifuta na kuandika.

Kwa hiyo daftari letu liongezwe safu. Idadi ya risasi zilizofyatuliwa na bastola hiyo tangu springi ibadilishwe. Tarehe ya usafi na sahihi ya fundi wa silaha. Risasi ya juu kwenye magazini izungushwe, na ile iliyokokiwa mara nyingi ipelekwe kwenye mazoezi. Pipa la mchanga liwe katika kila ghala, na mtu wa pili awepo kuangalia chemba. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji teknolojia ngeni. Yanahitaji bajeti ndogo na mkuu wa kituo anayekagua.

Na kamati ya ununuzi itakapoketi, isianze na idadi ya risasi wala sifa ya kiwanda. Imuulize muuzaji bei ya springi na magazini za miaka kumi ijayo, na kama mafundi wetu watafundishwa kuzibadilisha wenyewe. Iulize kama bastola inafunguka bila kuvuta triga. Iulize kama mkono mdogo wa askari wa kike unaufikia mpini vizuri. Iulize, zaidi ya yote, kama fedha zitakazobaki zinatosha kumnunulia kila askari risasi za mazoezi mwaka mzima. Bastola inayopita maswali hayo inastahili kukabidhiwa askari hata kama muundo wake ni wa zamani. Isiyopita irudishwe kwa muuzaji, hata kama inang'aa, kwa sababu siku itakapokwama au kufyatuka pasipotakiwa, atakayelipa ni askari aliyeibeba na raia aliyekuwa mbele yake.